Majibu Mtaleta Lini?

Kuna swali niliulizwa na bibi mmoja kule Kilolo, mkoani Iringa, na mpaka leo halijanitoka. Enzi hizo nilikuwa nafanya kibarua cha udadisi kwenye utafiti wa lishe, yaani unapewa begi, kishikwambi, mzani, na ule ubao mrefu wa kupimia watoto kimo, ambao ukiupakia kwenye bodaboda watu wanageuka kuuangalia, na kuna mama mmoja alitukatalia kuingia nao ndani akasema unafanana na jeneza la mtoto, na mi nikamwelewa, tukapimia nje.

Sasa kwa huyu bibi tulifika kama saa nne asubuhi, ukungu ndo kwanza unatoka mlimani, tukapiga hodi, Kamwene, Kamwene, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu karibuni. Mama wa mtoto alikuwa jikoni anamenya viazi, akaja anajifuta mikono kwenye kitenge, na mtoto mwenyewe alikuwa dume moja la miaka miwili na mwezi mmoja, yaani miezi 25 kamili kwa kadi ya kliniki, mashavu yamejaa, tumbo liko mbele, anatucheka. Ukimwona njiani huwezi hata kufikiria ana shida. Tukauegemeza ubao ukutani, mtoto wa miaka miwili na kuendelea anapimwa amesimama, chini ya hapo analazwa, mwenzangu akapiga magoti akamshika miguu isinyanyuke, mimi nikamnyoosha kichwa nikashusha kile kibao mpaka kikagusa nywele. Sentimita 79.5. Tukarudia, 79.5 tena. Mtoto wa kiume wa umri ule anatakiwa awe kwenye 88 hivi, na akiwa chini ya kama 81.7 tayari anahesabiwa amedumaa.

Mama akauliza, "Yuko vizuri eeh?" Na sisi tulielekezwa tusianze kutoa hukumu pale pale, kazi yetu ilikuwa kuandika tu, kwahiyo nikasema tunashukuru mama, tumeandika. Ndo bibi akiwa amekaa kwenye kigoda pale mlangoni akauliza, kwa upole kabisa, "Na majibu mtaleta lini?"

Nikamwambia bibi majibu yatatangazwa na serikali. Akaitikia kwa kichwa. Hatukurudi. Utafiti uliisha, tukalipwa, tukatawanyika, ripoti ikaandikwa Kiingereza, na kwa ninavyojua hakuna mtu aliyepanda tena kile kilima kumwambia yule bibi kitu chochote.

Naandika haya kwa sababu nimekaa na hizi tafiti pande zote mbili, nimeuliza maswali, na baadae nimekaa kwenye vikao ambako majibu yake yanasomwa, na naamini kwa moyo wote kwamba hizi dodoso zinaokoa watu. Ila naamini pia kwamba tunaziachia nusu ya njia.

Hebu nianze na mfano ambao ulifika mwisho wa njia, maana watu wengi hawaujui.

Mwaka 2007/08 kulifanyika utafiti wa kitaifa wa UKIMWI na malaria, watu wakapimwa damu na wakaulizwa maswali mengi tu ya maisha yao. Kitaifa maambukizi yalikuwa kama asilimia 5.7, lakini Iringa, ambayo wakati huo ilikuwa bado imebeba Njombe ndani yake (Njombe imekuwa mkoa 2012), ilitoka na asilimia 15.7. Karibu mara tatu ya nchi. Sasa kati ya yale maswali waliyoulizwa wanaume kulikuwa na moja dogo tu, je umetahiriwa? Kitaifa wanaume kama wawili kati ya watatu walisema ndiyo, lakini ukishuka kwenye mikoa picha inabadilika kabisa, kuna mikoa ya pwani ambako karibu kila mwanaume ameshatahiriwa toka utotoni, halafu kuna mikoa kama huku kwetu nyanda za juu kusini na kule kanda ya ziwa ambako mila haikuwa hivyo, mtu anazeeka na "mkono wa sweta" wake na wala hakuna anayemuuliza.

Na wakati huohuo tafiti tatu, ya Afrika Kusini, ya Kisumu Kenya na ya Rakai Uganda, zilikuwa zimeshaonesha kwamba tohara inapunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo rasmi. Kwahiyo serikali haikuamka tu ikasema nchi nzima wanaume njooni. Waliangalia ramani, wapi maambukizi yako juu na tohara iko chini, ikachaguliwa mikoa minane, na Iringa ikawa ya kwanza kwanza kuanza, 2009.

Lakini kitu kinachonigusa mimi kwenye hii hadithi kilikuja baada ya hapo. Wahudumu wakagundua kwamba watu wa huku wanapenda kutahiriwa kipindi cha baridi, mwezi wa sita mpaka wa nane, wanaamini kidonda kinapona haraka kukiwa na baridi, na kweli hata wazee wangu wanasema hivo. Sasa mtaalamu mwenye kiburi angesema hiyo ni imani tu, sisi tunafanya kazi mwaka mzima. Wale walipanga kampeni ikaangukia kwenye baridi na likizo za shule, na mwaka 2010 ndani ya wiki sita wakatahiriwa zaidi ya watu 10,000. Elfu kumi! Nakumbuka vijana wa mtaani kwetu wanatembea wamevaa misuli na mashuka, wanachechemea, wanataniana, na hakuna aliyekuwa anaona aibu maana walikuwa wengi. Namba iliwaambia waende wapi, na kusikiliza watu kukawaambia waende lini.

(Na kabla mtu hajaniuliza, ndiyo, maambukizi ya huku bado yako juu, utafiti wa 2022/23 unaonesha Njombe asilimia 12.7 na Iringa 11.1, wakati taifa ni 4.4. Ila kumbuka watu wanaotumia dawa sasaivi wanaishi, hawafi kama zamani, kwahiyo wanabaki kwenye hesabu, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.)

Sasa turudi kwenye watoto.

Mwaka 2022 ukafanyika utafiti mkubwa wa idadi ya watu, afya na malaria, ule unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na wenzao wa Zanzibar, kaya zaidi ya 15,000 nchi nzima zikahojiwa. Habari njema ni kwamba udumavu kitaifa umeshuka mpaka asilimia 30, kutoka 34 mwaka 2015/16, na kule nyuma mwanzoni mwa miaka ya 90 ilikuwa nusu ya watoto wote, tumetoka mbali jamani. Ila ukifungua jedwali la mikoa, wa kwanza kutoka chini ni Iringa, asilimia 57. Wanaofuata ni Njombe na Rukwa, 50 kwa 50.

Iringa, Njombe, Rukwa. Mtu yeyote aliyesoma jiografia ya darasa la sita anajua hiyo ni mikoa gani. Huku ndo kwenye mahindi, viazi, maharage, parachichi, huku ndo maroli yanapakia chakula kupeleka Dar. Na Dar yenyewe ambayo haina hata shamba la mchicha la maana, kwenye ule utafiti wa 2015/16 ilikuwa na asilimia 15 tu.

Namba ile ilipotoka watu walikasirika. Nilikuwa kwenye mkutano mmoja wa kijiji, mtaalamu akaisoma, na mzee mmoja akasimama kabisa akasema hayo ni matusi, sisi tunalisha nchi hii, mimi mwenyewe msimu huu nimeweka gunia zaidi ya arobaini ndani, leo mnaniambia wajukuu zangu wana njaa? Na mwingine nyuma akadakia, sisi ni wafupi tu kwa asili, babu zetu walikuwa wafupi na waliwapiga Wajerumani. Watu wakapiga makofi.

Namheshimu sana yule mzee, na hoja yake inastahili kujibiwa kwa heshima. Kuhusu ufupi wa asili, ile chati ya ukuaji tunayotumia kliniki haikutengenezwa na watoto wa Kizungu peke yao. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi sita, Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, watoto wenye afya, wanaonyonyeshwa vizuri, mama zao hawavuti sigara, na wakakuta mpaka miaka mitano watoto hao wanakua kwa mwendo unaokaribiana sana, awe Accra, awe Muscat, awe Oslo. Tofauti za ukoo zipo, mtu mmoja mmoja anaweza kuwa mfupi, sawa, lakini watoto zaidi ya nusu ya mkoa mzima hawawezi kuwa chini ya ule mstari wa udumavu kwa sababu ya babu. Na wajukuu wa huku huku kwetu wakizaliwa na kulelewa mahali pengine wanakua warefu tu, kila mtu ana mpwa wake wa aina hiyo.

Kuhusu gunia arobaini, hapo ndo napenda dodoso linavyofanya kazi. Kwa sababu dodoso halimuulizi mama "je una chakula?" Kila mtu ana chakula. Linamuuliza jana, kuanzia alfajiri mpaka alfajiri, mtoto amekula nini, halafu unamsomea makundi moja moja, nafaka na viazi, jamii ya kunde na karanga, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani na matunda ya rangi ya njano, matunda na mboga nyingine, na maziwa ya mama yenyewe yanahesabiwa. Makundi nane, na mtoto wa kuanzia miezi sita mpaka 23 anatakiwa apate walau matano kwa siku.

Yule mama wa Kilolo alikuwa na mdogo wake wa kike pale pale nyumbani, ana mtoto wa miezi 14. Mazungumzo yetu nayakumbuka mpaka leo. Asubuhi? Uji. Wa nini? Wa mahindi. Umeweka kitu? Sukari. Mchana? Ugali na mboga, mtoto nimempa mchuzi wa ile mboga. Jioni? Ugali, wa mchana uliobaki. Nyama, samaki, dagaa? Hapana. Maziwa ya ng'ombe? Hapana. Mayai? Hapana. Na wakati anasema hapana, kuku saba wanapita kati ya miguu yangu, na pale kwenye pembe ya ukuta kuna beseni la bluu limefunikwa kitambaa, nikauliza samahani dada, mle kuna nini, akanifunulia, mayai, kama ishirini hivi, amepanga na pumba katikati yasigongane. Akasema ya stendi hayo, kesho naenda nayo Ilula, nikipata hela nanunua chumvi na sabuni na daftari za huyu mkubwa.

Sasa we mwambie huyu mama "mpe mtoto mayai". Atakujibu ndiyo mtaalamu, na kesho beseni litapanda gari.

Hapo ndo nilipoelewa kwamba yale maswali ya tabia, mtu kala nini, kalala wapi, kanawa mikono lini, yanaonekana ya kitoto lakini ndo yanayokupeleka kwenye mlango wenyewe. Gunia arobaini ziko darini na ni za baba, yai ni hela ya mama, na mama huyohuyo kuanzia mwezi wa kumi na mbili anaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kibarua cha nyanya au shambani kwake na kurudi jioni, na mtoto wa miezi 14 anabaki na dada yake wa miaka nane, ambaye anampa uji ule ule uliopoa mara moja, labda mara mbili. Tumbo lake dogo, linataka kidogo kidogo mara nyingi, yeye anapata kingi cha aina moja mara chache. Anashiba. Ndo maana mashavu yamejaa. Hakui.

Kuna kingine cha mahindi, sumukuvu, ile sumu ya fangasi ya mahindi yaliyovunwa na unyevu, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na wataalamu wanaihusisha pia na udumavu, ila ntaiachia siku nyingine maana inahitaji makala yake.

Narudi kwenye asilimia 57, kwa sababu kuna kosa naliona linafanyika na linaniumiza. Namba ya mkoa ni namba ya mkoa. Iringa ina halmashauri tano, Manispaa, Iringa Vijijini, Kilolo, Mufindi na Mji wa Mafinga. Ule utafiti wa 2022 ulichukua maeneo 629 ya kuhesabia watu nchi nzima, gawa kwa mikoa 31 unapata kama maeneo ishirini kwa mkoa, na kila eneo kaya 26. Maana yake kwa wastani kila halmashauri ya Iringa iliangukiwa na maeneo manne hivi. Sampuli hiyo ilitengenezwa kujibu swali la mkoa, na inalijibu vizuri, lakini ukiilazimisha ikuambie Mafinga na Kilolo nani ana hali mbaya zaidi, inaweza kukudanganya, na ukiiuliza kata gani ndo kabisa haina jibu. Na hata hiyo 57 yenyewe ina nafasi ya kupanda na kushuka pembeni yake, watoto waliopimwa mkoani ni wachache mno ukilinganisha na watoto wote tulionao. Utafiti wa lishe wa 2018 ulitoa Iringa 47.1, ule wa 2015/16 ulitoa 42. Kwahiyo mtu anaposimama jukwaani akasema udumavu umepanda kwa asilimia kumi ndani ya miaka minne kwa uzembe wa afisa lishe fulani, naona anamuonea yule afisa. Kitu ambacho namba zote tatu zinakubaliana bila ubishi ni kwamba miaka yote hiyo karibu nusu ya watoto wa huku wamekuwa chini ya mstari. Hiyo inatosha kabisa kukunyima usingizi, huhitaji kuongeza chumvi.

Nimeona halmashauri moja, sitaitaja, ilivyochukua ile namba ya mkoa ikaigawa sawa kwa kata zote kama mtu anagawa posho, kila kata idadi fulani ya watoto, kila kata kiasi fulani cha fedha, kata ya mjini yenye maziwa dukani na kata ya bondeni ambako gari halifiki mvua zikianza zikapata sawa. Na sehemu nzuri ya hizo hela ikaenda kwenye semina. Serikali kuu kwenye hili imejitahidi, mkataba wa lishe umesainiwa na wakuu wa mikoa, mara ya kwanza 2017 na tena Septemba 2022 mbele ya Rais Samia, na humo ndani kila halmashauri inatakiwa itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani. Elfu moja ni ndogo, ni kama mayai mawili matatu, lakini ukiizidisha kwa watoto wote wa wilaya inakuwa hela ya kufanya kitu. Ishu ni unaipeleka wapi, na kwa kujua nini.

Wenzetu wa malaria hili walishalitatua na nashangaa kwanini hatuwaigi. Ule utafiti wa 2022 unaonesha maambukizi ya malaria kwa watoto kitaifa asilimia 8, Tabora 23, huku kwetu Iringa hata moja haifiki. Lakini wao hawakuishia kwenye namba ya mkoa. Walichukua na takwimu za vipimo vya wajawazito wanaoanza kliniki, na za watoto wa shule waliopimwa, na taarifa za vituo, wakaigawa nchi halmashauri kwa halmashauri, hapa juu, hapa wastani, hapa chini, hapa chini sana, na kila kundi lina mpango wake. Sasa mbona lishe tunashindwa? Kila mtoto ana kadi ya kliniki, urefu na uzito vinaandikwa, au vinatakiwa viandikwe, kwenye MTUHA, yale madaftari ya taarifa za afya ya kituo, na kila robo mwaka kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, watoto wanapimwa pale pale chini ya mti. Utafiti mkubwa ukuambie tatizo ni kubwa na linafanana na nini, daftari la kijiji likuambie liko nyumba zipi.

Najua daftari nalo lina shida zake. Dada yangu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii na ananiambia ukweli mchungu, mama akishamaliza chanjo ya surua ya miezi 18 anaona kliniki imeisha, harudi, kwahiyo watoto unaowaona kwenye daftari ni wadogo na ni wa mama wanaofuata utaratibu, wale walioko hatarini zaidi hawamo. Na vituo vingine ubao wa kupimia kimo umevunjika, wanapima uzito tu, na uzito ndo huwa unatudanganya kama yule mtoto wa mashavu. Kwahiyo kama mtu wa bajeti ananisikiliza, kabla ya semina nunua mbao za kupimia, fundisha watu wawili kila kituo namna ya kumshika mtoto miguu, halafu walipe hawa wahudumu posho yao kwa wakati maana ndo wanaopanda vilima.

Na halafu waulize kina mama wenyewe. Sisemi dodoso, nasema kukaa. Sehemu moja niliyokaa wakaniambia wanachotaka ni mtu wa kushika watoto kipindi cha palizi, wako tayari kila mmoja atoe kidebe cha mahindi na yai moja kwa siku, bibi mmoja apike uji kwa watoto wote pamoja. Hakuna ripoti ingeweza kuandika hivo. Lakini bila ile ripoti nisingeenda kuwauliza kuhusu uji, ningeenda kuwauliza kuhusu njaa, wangenicheka.

Nilirudi Kilolo 2023. Hakuna aliyenituma, nilikuwa na safari zangu Ilula nikaona aibu kupita. Nilikuwa nimechapisha karatasi moja, nimeandika kwa Kiswahili cha kawaida, kwa utafiti wa 2022 mkoa wetu katika watoto mia 57 wamedumaa, na nikachora watoto kumi kwa kalamu, watano na nusu hivi nikawapaka rangi. Bibi yupo, amezeeka zaidi, macho hayaoni vizuri, ikabidi mama wa mtoto amsomee. Nikawaambia bibi nimeleta majibu, nimechelewa, naomba mnisamehe.

Mama akaishika ile karatasi muda mrefu. Akauliza, "Sasa huyu wangu yumo kwenye hawa waliopakwa au wasiopakwa?"

Nilikuwa najua. 79.5 sijawahi kuisahau. Nikamwambia dada, alikuwa kwenye waliopakwa, na siku ile nilitakiwa nikwambie na sikukwambia. Hakulia wala hakunigombeza, alitazama tu nje ambako yule dume alikuwa anacheza mpira wa makaratasi na wenzake, yuko darasa la kwanza sasa, na ukiwaangalia wote wamesimama pamoja wanalingana, ndo maana hakuna aliyewahi kuona kitu.

Kisha akaingia ndani akatoka na binti yake mdogo, miezi 11, akaniambia mpime na huyu. Sikuwa na ubao. Tukampigia simu mhudumu wa kitongoji, akaja baada ya saa nzima na ubao wa zahanati kichwani, tukautandika chini kwenye mkeka, mama mwenyewe akashika kichwa, mimi magoti, mhudumu akasoma. Sentimita 71.4. Nikawaonesha kwenye kadi ile chati ya wasichana, nikaweka alama kwa kalamu, iko karibu kabisa na mstari wa kijani, nikasema huyu yuko vizuri, endeleeni hivihivi na muongeze.

Bibi akauliza amekula nini huyu. Mama akasema jana kala yai. Beseni la bluu lilikuwa bado liko pale pale kwenye pembe.